Stakabadhi Iliyopigwa Pasi

Mume wangu hupiga pasi kila kitu. Sitii chumvi. Hupiga pasi kamba za viatu, vitambaa vya kufutia miwani, hata mifuko ya karatasi tunayowafungia wateja nguo zao. Siku moja nilimkuta ameilaza kalenda ya ukutani mezani anaipitishia pasi, eti mwezi wa tatu una alama ya kukunjwa. Wateja humwita Bwana Mkunjo. Ni dobi kama mimi. Tuna chumba cha mbele cha kupokelea nguo na kupigia pasi, ua wa kufulia na kuanikia, na chumba cha nyuma cha kulala, na ndani ya nyumba hiyo yote huoni kitu kilichojikunja isipokuwa uso wangu nikikasirika.

Huyo ndiye aliyetaka kuniunguzia chuo. Lakini wacha nianze mwanzo, maana nikiharakisha nitamwonea.

Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiondoa madoa ya watu. Damu naitoa kwa maji baridi. Ukiitia maji ya moto imekwisha, doa limekaa kitako na halitoki tena. Kutu naitoa kwa ndimu na chumvi juani. Wino wa kalamu nautoa kwa spiriti, polepole, kutoka pembeni kwenda katikati. Haya yote mikono yangu inayajua, lakini kichwa changu hakikujua sababu ya hata moja. Kwa nini damu ing'ang'anie nguo kwa maji ya moto na iachie kwa maji baridi, wakati mafuta yanafanya kinyume chake? Nilimuuliza mama yangu aliyenifundisha kazi, akasema ndivyo ilivyo, nifue. Nikamuuliza muuza dawa wa kona, mtu aliyesoma, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mama, wewe toa doa," akasema. "Sababu tuachie wenyewe."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Tangu siku ile dawa nanunua mtaa wa pili.

Tangazo la chuo nililikuta mfukoni mwa suruali ya mteja. Dobi hupekua mifuko kabla ya kufua, si kwa umbeya, ni kwa sababu karatasi moja iliyosahaulika inaweza kutapakaa kwenye nguo za watu kumi. Chuo cha jamii, kilichoko dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu, kilikuwa kinapokea wanafunzi wa ufundi wa maabara. Nafasi thelathini. Kati ya hizo, nne zilikuwa za watu wazima wasio na cheti cha sekondari, ambao wangeingia kwa usaili. Umri usizidi miaka arobaini na mitano. Nililisoma mara tatu nimesimama uani, mikono inachuruzika maji. Mwezi uliofuata nilikuwa natimiza arobaini na sita, na usaili mwingine ni mwakani. Kwa hiyo ilikuwa safari hii au basi tena.

Ijumaa nikapeleka fomu. Karani aliipokea, akabonyeza bonyeza, na kimashine kidogo kilichokaa kando yake kikanguruma na kutoa kikaratasi. Ilikuwa stakabadhi yangu: namba, chumba, Jumatatu saa tatu asubuhi, na chini kabisa kwa herufi nene, "Bila stakabadhi hii hutaruhusiwa kuingia." Nilipoipokea ilikuwa na joto kidogo. Nikaikunja mara nne nikaiweka kifuani, nikarudi nyumbani kwa miguu jua kali, jasho linanitiririka, nikijisemea kimoyomoyo kama mwendawazimu.

Sasa hapo lazima nieleze desturi ya nyumba yetu. Karatasi inayokwenda ofisini haitoki kwetu na mkunjo. Cheti chetu cha ndoa kimepigwa pasi. Vyeti vya watoto vya kuzaliwa vimepigwa pasi, na mimi mwenyewe ndiye niliyevipiga. Hakuna hata kimoja kilichodhurika. Kwa hiyo Jumapili mchana, nikiwa uani naanika mashuka, mume wangu alipoiona stakabadhi yangu kabatini imejikunjakunja na ina alama ya jasho, alifanya kile ambacho mtu anayenipenda angefanya.

Nilisikia, "Mama yangu weee!" Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, anamwita mama yake.

Nikaingia mbio. Alikuwa amesimama mbele ya meza, pasi iko juu hewani, na mezani kumelazwa kipande cha karatasi cheusi tii. Kimenyooka kweli, hakina mkunjo hata wa dawa. Lakini hapakuwa na namba, hapakuwa na chumba, hapakuwa na Jumatatu. Weusi ulikuwa umemeza kila neno.

"Sijaiunguza," akasema. "Mke wangu, naapa, nimepitisha mara moja tu, na kitambaa juu yake."

Nilimwambia mengi. Nina mdomo, sikatai. Nilimwambia kwamba ana mikono isiyojua kutulia, kwamba siku nikifa atanipiga pasi kabla ya kunizika. Wifi yangu, anayekaa nyumba ya tatu, alisikia kelele akaja. Akaichungulia ile karatasi, akaniangalia, akashindwa kujizuia.

"Wifi, wenzako wanaanza chuo na ukurasa mweupe."

"Toka," nikamwambia, na akatoka, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Mume wangu alichomoa waya wa pasi, akakaa kwenye kigoda. "Nitakwenda mimi kesho kuwaeleza," akasema kwa sauti ndogo. Nikarudi uani kumalizia mashuka, kwa kuwa nguo mbichi hazijui huzuni ya mtu, na nilianika huku machozi yananitoka bila haya.

Ilikuwa kwenye shuka la nne, nafikiri, ndipo mawazo yalipobadili njia. Mimi nimeshaunguza vitu katika maisha yangu. Kitu kikiungua kwanza kinakuwa cha manjano, kisha kahawia, kisha cheusi, na kinanuka, na ukikigusa kinavunjika. Mle chumbani hapakuwa na harufu yoyote. Nikaacha shuka linaning'inia upande mmoja, nikaingia ndani, nikaichukua ile stakabadhi. Ilikuwa laini na nzima. Nikaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe pee.

"Baba watoto," nikaita. "Hebu njoo. Hii haijaungua."

"Si ndivyo nilivyokwambia?"

"Sasa kama haijaungua, weusi umetoka wapi?"

Akanitazama. Miaka ishirini na miwili ananisikia nauliza maswali ya namna hiyo, na miaka yote hiyo huitikia "mmh" na kuendelea na kola ya shati. Safari hii aliinuka akaenda kulichukua kopo.

Kopo ni la karatasi za mifukoni. Kila tunachokiokota kwenye nguo za wateja tunakihifadhi mle miezi sita, mwenyewe asije akadai. Mara nyingi ni risiti za maduka ambazo hakuna anayezidai. Tulizimwaga mezani. Akachomeka pasi. Risiti ya kwanza iligeuka nyeusi mara tu ilipoguswa. Ya pili vilevile. Ya tatu, iliyoandikwa kwa mkono kutoka duka la misumari, haikubadilika kabisa. Tukawa tunazitenga: zinazobadilika huku, zisizobadilika kule. Baada ya kama kumi na tano niligundua kwamba hakuna haja ya pasi kuzitambua, kwani zinazobadilika zina uso mtelezi mbele na mkavu nyuma. Ukizikwaruza kwa ukucha, mahali pa ukucha panatoka mstari mweusi.

Kwa ukucha tu. Nilikwaruza tena.

"Tuipunguze pasi," nikasema.

Hapa ndipo mume wangu alipokuwa bingwa. Dobi hana kipimajoto. Ana maji na kiganja. Alichovya kidole, akadondoshea tone kwenye pasi, na kwa jinsi tone lilivyofanya alijua joto liko wapi. Aliichomoa pasi ikawa inapoa taratibu, na kila ilipopoa hatua moja tulipiga kipande kipya cha risiti, nami nikaandika kwa penseli nyuma yake. Namba moja: tone linakimbia. Namba mbili: tone linachemka na kuisha. Namba tatu: tone linatoa mapovu pembeni. Namba nne: tone limetulia, mvuke unaonekana. Zote hizo nyeusi. Namba tano: tone limekaa, kiganja hakivumilii hata kuhesabu moja. Nyeusi, lakini imefifia. Namba sita: kiganja kinavumilia mpaka mbili. Kijivu. Namba saba: kiganja kinavumilia mpaka tano. Kijivu chembamba, huwezi kuapa. Namba nane: kiganja kinakaa. Nyeupe.

Tulizipanga mstari mmoja mezani, nyeusi mpaka nyeupe. Mashuka uani yalikuwa yameshaanza kupigapiga, yamekauka, na hakuna aliyeyafuata.

Nikakumbuka jinsi ile stakabadhi ilivyokuwa na joto nilipoipokea kwa karani. Na yale maneno yakanijia yenyewe, nikayasema kabla sijayafikiri.

"Hakuna wino. Kile kimashine hakina wino. Ni pasi."

"Pasi?"

"Pasi ndogo. Ndogo kuliko herufi. Inapiga pale inapotaka na kuacha pale isipotaka. Karatasi nzima ina weusi ndani yake, umelala tu unangoja joto. Wao wanauamsha kidogo kidogo mpaka uwe maneno. Wewe umeuamsha wote kwa mara moja."

Mume wangu aliiangalia pasi yake, ile kubwa, kama mtu aliyegundua kwamba ana ndugu serikalini. Mimi nilikaa chini. Vinyweleo vilikuwa vimenisimama mikononi. Karatasi hizi nimezitoa kwenye mifuko maelfu kwa maelfu, nimezikunja, nimezitupa, na kila moja ilikuwa na jambo hili ndani yake, wala haikumwambia mtu. Niliogopa. Si woga wa kutisha. Ni ule wa mtu aliyefungua chumba cha nyumba yake mwenyewe akakuta kinaendelea mbele.

Kabla hatujafunga kazi nikataka kujaribu kama weusi unaweza kutoka, ili niokoe stakabadhi. Nikachukua chupa ya spiriti, ya kutolea wino, nikadondosha tone moja pembeni mwa risiti nyeupe kwanza, kama ninavyofanya kwenye nguo. Mahali pale pakawa peusi. Spiriti ya baridi kabisa, haijapata moto tangu inunuliwe, na imefanya kazi ya pasi. Niliangalia lile doa mpaka jua likatoka kwenye meza.

Jumatatu nilifika chuoni saa mbili na nusu. Nilivaa gauni la kijani ambalo mume wangu alilipiga pasi kana kwamba linakwenda kushitakiwa. Kwenye mkoba nilikuwa na stakabadhi nyeusi, kitambulisho, na vile vipande nane pamoja na cha spiriti, nimevibana kwa pini kwenye kadi ngumu ya kukunjia mashati. Alinisindikiza mpaka barabarani, ng'ambo ya lango, akasema atasubiri pale.

Mlinzi wa mlango wa jengo alikuwa kijana mwenye rejista. Akainyanyua stakabadhi yangu juu kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, hii ni nini? Lami?"

"Ni stakabadhi yangu."

"Imeandikwa wapi?"

"Yote imeandikwa. Ndiyo shida yake."

Akacheka, lakini hakunifungulia. Nilimwambia jina langu liko kwenye orodha yao. Akasema orodha iko ndani, yeye anapokea stakabadhi. Nikapandisha sauti. Yeye akashusha ya kwake, akasema, "Mama, nisikilize. Wakimaliza kuingia wote wenye karatasi nitakuulizia. Kaa pale kwenye benchi." Nilikuwa na jibu kali mdomoni, nikalimeza. Benchi lilikuwa limeegemea dirisha kubwa. Nikakaa, na kwa hasira nikageuzia kila mtu mgongo, nikatazama ndani ya lile dirisha.

Ilikuwa maabara. Meza ndefu nyeupe, mabomba yaliyopinda shingo, vyombo vya vioo vya kila umbo, vingine vyenye tumbo na shingo nyembamba, vingine virefu kama fimbo. Vijana wa makoti meupe walikuwa wanafanya kazi. Nitasema ukweli: jambo la kwanza nililoliona ni kwamba nusu ya makoti yale yamepigwa pasi juu ya madoa, kosa la mtu asiyejali. Jambo la pili lilikuwa msichana mmoja karibu na kioo. Mbele yake kulikuwa na mrija mrefu wa kioo wenye bomba dogo chini, umejaa kitu kama maji. Chini ya mrija kulikuwa na chupa yenye tumbo, nayo ina kitu kama maji. Alikuwa anaachia tone, anatikisa chupa, anangoja. Tone, anatikisa, anangoja. Maji juu, maji chini. Nikawa nahesabu bila kujua, na nilipofika ishirini na kitu nikajisemea kwamba binti wa watu anapoteza muda.

Kisha likadondoka tone moja, sawa na wenzake wote, na chupa nzima ikawa waridi.

Nilisimama. Paji la uso liligonga kioo, msichana akashtuka akaniona, akatabasamu, akainua chupa ili nione vizuri. Rangi haikuondoka. Tone lililotangulia halikuweza, na hili limeweza, na mtu kule ndani alikuwa anaandika kwenye daftari ni tone la ngapi. Kumbe kuna mahali duniani ambapo watu hukaa kuhesabu matone. Kumbe kuna meza, na viti, na madirisha makubwa, na serikali imejenga, kwa ajili ya kazi ile ile ambayo mimi huifanya uani nikiitwa mdadisi. Machozi yalinijia tena lakini hayakuwa yale ya jana. Nilipigwa na butwaa, sijui neno jingine. Nilibaki pale na paji langu kwenye kioo mpaka saa sita kasoro, na sikuhisi njaa wala haja, na kila nilipoona chombo kipya nilitaka kumshika mtu mkono nimwonyeshe.

"Mama wa lami," mlinzi akaita. "Wamesema uingie."

Chumbani walikuwa wawili. Mwenyekiti wa usaili, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na mwalimu wa maabara, kijana mwembamba mwenye doa la kahawia mfukoni mwa koti. Iodini. Vidole viliniwasha nilitoe. Mbele yao kulikuwa na karatasi yenye mistari minne, na niliona kwa macho yangu kwamba mitatu imeshajazwa.

Mwenyekiti aliangalia kitambulisho changu, akaniona kwenye orodha, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaigusa stakabadhi nyeusi kwa ncha ya kidole.

"Mama, jina lako nimeliona, hilo si tatizo," akasema. "Tatizo ni hili. Maabara inaendeshwa kwa karatasi. Karatasi ya majibu ikiharibika, mgonjwa anapewa dawa isiyo yake. Umekabidhiwa karatasi moja tu, ya siku tatu. Nimebakiza nafasi moja na watu kumi na tisa wa kuchagua. Nikupe wewe kwa nini?"

Damu ilinichemka. Lakini alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu kule barabarani, amesimama juani na shati lake lisilo na mkunjo, na nikajua ninaweza kumtupia mzigo wote na hakuna atakayejua.

"Tuliipiga pasi," nikasema. "Sisi ni madobi. Kwetu karatasi ya ofisini hupigwa pasi, ndiyo heshima yetu. Hatukujua. Sasa tunajua." Nikatoa ile kadi ya mashati nikaiweka mezani.

Mwalimu ndiye aliyeivuta. Akasoma nyuma ya kipande cha kwanza, akasoma cha pili. "Tone linakimbia," akasoma kwa sauti. "Tone linachemka na kuisha." Akanitazama. "Hivi ni vipimo vya joto?"

"Hatuna kipimajoto, mwalimu."

Akapitisha kidole kutoka nyeusi mpaka nyeupe, akarudi, akasimama kwenye namba sita na saba. Nikamweleza habari ya pasi ndogo isiyo na wino. Akaitikia kwa kichwa, ndivyo ilivyo hasa, akasema, hujakosea. Kusikia kwamba sikukosea kulinipa kiburi kidogo, na kiburi kikanifungua mdomo.

"Basi nieleze hiki," nikasema, nikamwonyesha kipande cha mwisho. "Hiki ni spiriti. Haina joto. Imeuamshaje weusi?"

Akakichukua kile kipande, akakinusa, akakigeuza. Mwenyekiti alikuwa anamwangalia, nami namwangalia, na nikasubiri kicheko. Nakifahamu kile kicheko, najua hata jinsi kinavyoanza puani.

"Sijui," akasema mwalimu.

Sikuwahi kumsikia mtu aliyesoma akilisema neno hilo bila kuona aibu. Alilisema kama mtu anayekaribishwa chakula.

"Wewe unadhaniaje?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeliwaza usingizini na njiani. "Nguo yenye rangi mbaya," nikasema, "huchuja kwa maji ya moto, na huchuja kwa spiriti ya baridi. Nadhani kwenye karatasi kuna vitu viwili vimelala jirani, havijagusana. Joto likija vinayeyuka, vinakutana. Spiriti ikija inaviroweka, vinakutana. Weusi ni kukutana kwao. Hata ukucha unavisukuma. Lakini ni dhana tu, sijui nitaijaribuje."

Mwalimu alivuta daftari lake, akalifungua ukurasa mpya. "Rudia," akasema. "Polepole, niandike."

Nikarudia. Mimi, dobi, natamka, na mwalimu wa chuo anaandika, ananisimamisha, "Umesema vimelala jirani?" "Ndiyo, mwalimu," na anaandika tena.

"Mwalimu," akasema mwenyekiti, "unaandika nini?"

"Swali lake. Tutalitafuta jibu."

"Leo tumesaili watu ishirini na mmoja kabla yake. Hukuandika swali la mtu yeyote."

"Hakuna aliyeuliza," akasema mwalimu, bila kuinua kichwa.

Mwenyekiti aliivua miwani ikaning'inia kwenye mnyororo wake. Akachukua kalamu, akaivuta karibu ile karatasi ya mistari minne, akaandika kwenye mstari wa nne. Niliisoma kichwa chini, herufi moja baada ya nyingine, na lilikuwa jina langu.

"Jumatatu ya tarehe sita," akasema. "Saa mbili kamili. Na ile karatasi ya kukubaliwa nitakayokupa, mama, tafadhali, iache hivyo hivyo ilivyo."

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Mume wangu alikuwa palepale ng'ambo ya barabara, tangu saa mbili na nusu, mikono ameiweka nyuma. Aliponiona alivuka bila kutazama magari.

"Wamesemaje?"

Nikafungua mdomo, na badala ya maneno kikatoka kilio, mbele ya watu, kama mtoto. Akaelewa vibaya. Uso wake ukaanguka, akaanza kuniomba msamaha, na ilibidi nimshike mashavu ili anyamaze.

"Nimepata," nikasema. "Naanza tarehe sita. Na lile swali la spiriti, mwalimu hakulijua. Ameliandika kwenye daftari lake."

"Hakulijua? Yeye?"

"Hakulijua. Amesema tutalitafuta."

Aliangalia lile jengo, ghorofa ya chini mpaka ya juu, madirisha yake yote makubwa, na nikaona kwamba huyu mtu, ambaye miaka ishirini na miwili nilidhani hasikii maswali yangu, alikuwa ameyasikia yote.

"Mkilipata jibu," akasema, "utaniambia na mimi?"